Faili Mbili za Mabinti wa Mganga

Jua lilikuwa linazama nyuma ya nyumba za mtaa wa Ngokolo wakati Athanas, msimamizi wa ofisi yetu ya kanisa, aliponirudisha ofisini. Nilishajifunga kitambaa kichwani, nakwenda kwenye rozari.

"Eufrasia, jenereta ina mafuta kidogo. Unganisha maneno ya wale mabinti wa mganga, padre aondoke nayo kesho."

Mwaka ule, 1988, kanisa letu lilikuwa linakusanya nyimbo na maneno ya wazee. Mimi, wa darasa la saba tu, nilikuwa mchapaji. Tulikuwa tumeletewa kompyuta, na amri niliyoiweza kuliko zote ilikuwa neno fupi: cat. Ukiandika cat na jina la faili, maandishi yake yanatokea kiooni. Ukitaja faili mbili, yanatoka yakifuatana, na ukitaka unayamwaga yote katika faili mpya. Nilijivuna sana kuijua, Mungu anisamehe.

Kibarazani alikuwa amekaa bibi Limi wa Runzewe, anangoja gari la kumrudisha nyumbani kwa dada yake, Nyamizi. Baba yao alikuwa mganga wa kuogopwa. Kabla hajafa aliyagawa maneno yake ya kuitia mizimu: nusu kwa Limi, nusu kwa Nyamizi. Sisi tulimrekodi kila mmoja peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, binti. Ya dada yangu umeyaweka mbali na yangu?"

"Mbali, bibi. Kila mtu na faili yake."

"Hivyo hivyo. Mdomo mmoja ukiyasema yote, baba anarudi. Na mwili hana... atachukua wa mmoja wetu."

Nikamnong'oneza Athanas mlangoni. Akacheka.

"Na rozari yote hiyo bado unaogopa mizimu? Mashine ina mdomo? Piga kazi, dada."

Akaenda kutafuta dereva. Nikaketi, nikaandika:

cat limi nyamizi > pamoja

Kimya. Mashine ile ikifanya vizuri haisemi kitu.

Ikabaki kuhakiki. Nikaandika cat pamoja, maandishi yakapanda kiooni. Sasa, masista walionifundisha kuchapa walitufundisha kuhakiki kwa kusoma kwa sauti ndogo, kidole mstarini. Nimezoea hivyo, midomo inakwenda yenyewe. Nikasoma ya Limi. Nikavuka, nikasoma ya Nyamizi...

Nilikuwa kwenye neno la mwisho nilipoisikia sauti yangu.

Mdomo ulikuwa wangu.

Jenereta ikakoroma, taa ikafifia, ikarudi. Harufu ikaingia dirishani. Ugoro. Na chini ya ugoro, kitu kibichi, kama ngozi iliyochunwa asubuhi ile.

Nje, Limi akakohoa.

Kikohozi kizito. Cha mwanamume.

"Bibi?" nikaita kwa kunong'ona. "Bibi Limi, uko salama?"

Alianza kusema. Pole pole, kwa sauti yake mwenyewe, alikuwa anayasema maneno ya Nyamizi, ambayo hakufundishwa maisha yake yote. Akafika pale faili ilipoishia.

Hakunyamaza.

Akaendelea...

Nikaifuta ile faili. Kiooni haikubaki hata herufi moja ya wale mabinti. Nilipoinua macho, Limi alikuwa amesimama dirishani, uso umegusa nondo. Anatabasamu.

"Asante, binti," akasema. "Umesoma vizuri."

Gari likaja. Athanas akampakia, wala hakuona tofauti. "Kapata mafua tu huyo," akaniambia. "Wewe nenda ukasali."

Nilisali, lakini sikulala. Jumapili nikadandia lori la pamba hadi Runzewe, nikampigia magoti Nyamizi nje ya mlango wake, nikamweleza yote. Hakunitukana. Hakunikaribisha ndani pia. Ndani mtu alikuwa anakoroga uji, kijiko kinagonga sufuria taratibu.

"Uso ni wa Limi," Nyamizi akanong'ona. "Mwendo ni wa Limi. Hata kovu la kidole lipo. Lakini Limi, tangu ajue kusema, ananiita dada."

Kijiko kikanyamaza.

Akanishika mkono, akanisogeza mbali na mlango.

"Huyu ananiita mwanangu."