Msumari Usio na Ufunguo

"Ukimaliza kufunga hicho, mimi nitakuwa mtu wa ndani au mtu wa nje?"

Mke aliuliza akiwa amesimama uani, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo lililokuwa limebakiza wiki chache. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wao, bisibisi mdomoni, akiweka kitasa cha tatu. Kilikuwa cha kisasa, kile kinachojifunga chenyewe mlango ukirudi.

Alikuwa fundi wa vitasa. Uani pale, ambapo familia kadhaa zilitumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo, walimwita Komeo. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kificho, baadaye hata watoto. Hakuchukia. Aliona ni sifa.

"Utakuwa wa ndani," akajibu baada ya kuitoa bisibisi mdomoni. "Salama."

"Wiki iliyopita nilikuwa ndani. Nilikuwa salama?"

Fundi akainamia kitasa chake. Wiki hiyo maumivu yalikuwa yamemshika mkewe mchana, akashindwa hata kuufikia mlango. Simu ya mume ililia bila kupokelewa, maana alikuwa anatoboa chuma kwenye ghala la watu. Aliyesikia kilio ni jirani wa mlango wa pili, mjane mshonaji waliyemwita Mama Cherehani. Alisukuma mlango, ukakataa. Basi akaketi kizingitini, akamwombea na kumsemesha kupitia tundu la ufunguo mpaka maumivu yakatulia. Hospitali walisema uchungu wenyewe bado. Tangu siku hiyo mke alikuwa na ombi moja tu: kabla uchungu wenyewe haujaja, ufunguo wa akiba ukae kwa Mama Cherehani.

"Ufunguo ni kama siri," mume akasema. "Ukishautoa, unazaa. Nyumba nyingi ninazoitwa baada ya wizi, mlango haukuvunjwa. Ulifunguliwa."

"Kwa hiyo Mama Cherehani ni mwizi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa kitasa."

Mke akasogea, akaongea polepole, kama mtu anayehesabu nyuzi kabla ya kusuka.

"Kila usiku tunapiga magoti unamwomba Mungu atulinde. Kisha asubuhi unapiga magoti tena hapa, unaongeza kitasa. Mume wangu, hivi usiku huwa unaongea na nani?"

Jioni fundi aliporudi kutoka kazini, alikuta chumba kimefagiwa na begi la hospitali halipo. Mkewe alikuwa amekwenda kwa dada yake mkubwa, upande wa pili wa mji. Ujumbe uliingia kwenye simu: "Sijakukimbia wewe. Nimekimbia vitasa. Siku mtu mwingine hapo uani atakapoweza kuufungua mlango wetu, nitarudi."

Akaandika: "Nyumba yetu ni ya watu wawili."

Jibu likaja: "Ilikuwa. Sasa ni ya watatu, na huyo wa tatu hajui kushika ufunguo."

Shemeji yake naye alipiga simu, si kwa ugomvi. Alimweleza kwamba kwake kuna komeo moja bovu, na kitu pekee kilichowahi kuibwa ndani ni usingizi wake, tena mwizi ni mumewe anayekoroma. Fundi alicheka kwa adabu. Alipokata simu, akafunga vitasa vyote vitatu, akalala upande wake wa kitanda, ule mwingine akauacha kama ulivyotandikwa.

Jumamosi asubuhi alitoka na beseni la nguo, amevaa kaptura na fulana iliyochoka. Upepo ukapita. Mlango ukarudi. Kitasa kikafanya kazi yake vizuri sana.

Ufunguo ulikuwa ndani. Simu ilikuwa ndani. Mkoba wa vifaa ulikuwa ndani. Akajaribu kwa waya wa kamba ya nguo, akatoka jasho, huku akijua tangu mwanzo kwamba kitasa hicho alikichagua kwa sababu hakifunguki kwa waya.

Bombani alikuwepo Baba Pacha, mchomelea vyuma, anapiga mswaki.

"Fundi, unakagua kazi yako?"

"Nimejifungia nje."

Baba Pacha akatema povu. "Kinyozi hajinyoi, hilo najua. Lakini wewe ndiye wa kwanza niliyemwona amejikata sikio."

Mama Cherehani hakucheka. Alimwita aingie, akampa kiti na kikombe cha chai, kisha akarudi kwenye shati alilokuwa analishona pindo. Tangu ahamie pale, fundi hakuwahi kuvuka kizingiti hicho. Akaangalia huku na huku ili asiangalie kaptura yake, ndipo akaona ukuta.

Palikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari umening'iniza ufunguo uliofungwa kipande cha kitambaa: cha maua, cha mistari, cha madoadoa.

"Hizi ni za uani, mama?"

"Za uani. Wenyewe wakiwa kazini, ikinyesha madirisha yakiwa wazi, mtoto akitoka shule mapema, nafungua."

"Hawaogopi?"

"Wanaogopa, mwanangu. Ndiyo maana wamenipa."

Fundi akanywa chai. Msumari wa mwisho haukuwa na ufunguo. Ulikuwa na kitambaa tu, cha njano, laini. Akakitambua. Ni masalia ya blanketi la mtoto ambalo mkewe alilishonesha humo humo.

"Na huu?"

"Una mwenyewe." Mama Cherehani akamsogezea simu yake juu ya meza ya cherehani. "Mpigie."

Iliita mara moja tu.

"Mama, shikamoo," sauti ya mkewe ikasema, nyepesi, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa siku nyingi. "Usiniambie msumari wangu umempa mtu."

Akaibana simu sikioni.

"Mama?"

"Ni mimi."

"Mbona una simu ya Mama?"

"Nimejifungia nje. Kile kitasa kipya."

Akasikia pumzi ikikatika, asijue kama ni kicheko au kilio.

"Ufunguo mwingine ninao mimi," mke akasema baadaye. "Unataka niulete?"

"Hapana. Kitasa nitakitoboa."

"Usiseme hivyo kwa sababu una baridi."

"Sina baridi. Mama amenipa chai." Akageuza kikombe mkononi. "Siku ile, kwenye tundu la ufunguo, alikuwa anakwambia nini?"

"Alikuwa anaomba. Akimaliza anasema, sipo mbali. Basi. Sipo mbali, sipo mbali."

Fundi alirudisha simu kwa mikono miwili. Kisha akaenda kwa Baba Pacha kuazima drili, akatoboa kitasa chake mwenyewe mbele ya uani mzima. Watu walitoa ushauri mwingi, wengi wao hawajawahi hata kushika nyundo. Kitasa kilipoanguka, mtu akapiga makofi. Cha pili alikifungua kwa bisibisi, bila kuombwa. Kikabaki kile cha zamani, walichokikuta wakati wanahamia.

Ufunguo wake wa akiba aliuchonga kwenye kibanda chake cha kazi, akaupiga msasa mpaka ukawa laini, akampelekea Mama Cherehani.

Mjane hakuupokea mara moja. "Unanipa kwa ajili ya mkeo, au kwa sababu unaniamini?"

"Kwa ajili ya mtoto."

"Hilo si jibu la swali langu," akasema, akivuta kitambaa cha njano. "Lakini nalipokea. Jibu langu utaniletea baadaye."

Siku mbili baadaye, fundi akiwa kazini, ujumbe uliingia: "Niko mlangoni. Ufunguo nimeusahau kwa dada."

Akaandika: "Gonga mlango wa pili."

Jioni alimkuta mkewe amekaa kitandani, miguu juu ya mto, anamenya chungwa. Ufunguo wake ulikuwa unachungulia kwenye mfuko wa begi, pale pale unapokaa siku zote. Fundi aliuona, akaketi upande wake. Mke akampa nusu ya chungwa. Usiku walipopiga magoti, ombi la ulinzi lilikuwa fupi, na majirani walitajwa mmoja mmoja.

Uchungu wenyewe ulikuja siku ya kazi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa mama mmoja asiyemfahamu, kitasa nusu kimetoka, simu ilipotetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Mama Cherehani: "Nimefungua. Baba Pacha ameleta gari, tunakwenda hospitali. Mkeo anasema usivuke barabara kwa kukimbia. Njoo."

Akaweka bisibisi chini. Hakuinuka. Akafumba macho.

"Fundi," mwenye nyumba akauliza, "kimekushinda?"

"Hapana, mama. Nashukuru tu. Nikimaliza naondoka."

"Uondoke? Na mlango wangu ubaki wazi?"

"Mwite jirani yako," akasema, tayari yuko ngazini. "Akae nawe mpaka nirudi."