Joki wa Uani

Kwanza ulikuja uzito, na Reshad akaupuuza.

Ilikuwa Jumapili jioni, jua limeshajificha nyuma ya mlima, naye yuko uani na bintiye Zeynah wakicheza mbio za farasi. Msimu ukianza, Port Louis nzima haina mchezo mwingine. Zeynah alikuwa ndiye farasi, jina lake Nyota ya Baba, na mkia wake ufagio. Reshad alikuwa mwenye farasi. Alivaa kofia ya marehemu baba yake, akawa anatembea kwa maringo, tumbo mbele, kama wale matajiri wa pale uwanja wa mbio.

"Joki yuko wapi?" akaita kuelekea ukutani, kwa sauti ya kitajiri. "Njoo bwana! Huyu ni wako, mpande mpaka Jumamosi!"

Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Swaleha, mkewe, akachungulia kutoka jikoni. "Baba Zeynah, hii saa ya kuita watu uani? Mwingize mtoto ndani."

"Tunamaliza," akasema Reshad. Akainama ubavuni mwa mtoto, akaunganisha viganja vyake viwili, vile wanavyofanya kumpandisha joki, yule mpanda farasi wa mbio, kwenye tandiko. Akahisi mguu unakanyaga viganja vile. Mguu mwembamba, wenye kiatu, uliokanyaga bila wasiwasi kama wa mtu aliyezoea kazi yake. Ukabonyea, ukajiinua, ukaondoka.

Zeynah akatoa pumzi puani. Akauzunguka ua mara moja, kwa kasi ambayo Reshad hakuwahi kuiona kwake, na hakucheka.

Reshad alijitazama viganja. Vilikuwa vikavu. Akajiambia ni uchovu, wiki nzima ameshona makochi ya watu, mikono imekufa ganzi. Binadamu hakosi la kujidanganya.

Lazima niseme jambo kuhusu Reshad, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Alipenda farasi mapenzi ya dhati, na farasi hawakumpenda. Alibeti pesa ya chai tu, hakuwahi kula ada ya shule wala kodi ya nyumba, lakini kila farasi aliyemchagua alikuwa wa mwisho, au alimwangusha joki, au alisimama katikati ya mbio akala majani. Gaetan kinyozi, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa na msemo wake: "Farasi akisikia Reshad kamchagua, anaandika wosia." Kinyozini kwa Gaetan walimuuliza kila Jumamosi, "Leo umemtaja nani, kaka, tumkimbie?" Alicheka nao. Lakini ilimuuma, na ilimuuma zaidi ya alivyokiri.

Jumatatu ndipo Gaetan alipompa ushauri. "Mkeka wako wa kubeti unachanika kwa sababu unatumia akili," alisema, wembe ukiwa shingoni mwa mteja. "Una mtoto hajang'oa hata jino moja la utoto, halafu unateseka? Mpe ukurasa wa mbio. Kidole cha mtoto hakina dhambi."

Ni desturi ya zamani ya mji ule, hata wanaosali sana huifanya kimyakimya. Reshad akarudi nyumbani na gazeti, akaliweka magotini mwa Zeynah. Zilikuwa mbio za ng'ambo, zile ambazo duka la kubeti huzionyesha siku za kazi. Zeynah hakulitazama gazeti. Aliinama akalinusa, kuanzia juu hadi chini, kisha akaweka kidole.

"Huyu. Ana pumzi ndefu."

Farasi yule akashinda. Jumanne mwingine akashinda. Jumatano Reshad alipoingia kinyozini watu walinyanyuka kumpisha kiti, na Gaetan alimwita "mheshimiwa" bila kucheka. Alirudi nyumbani amebeba mfuko wa chapati za dengu za moto, kichwa kiko mawinguni. Hapo ndipo alipoisikia harufu.

Ilikuwa harufu ya jasho la farasi na ngozi iliyoloa maji, na ilitoka kitandani kwa mtoto.

"Tangu juzi," Swaleha alisema kwa sauti ya chini. "Nimefua mashuka, nimefukiza udi, haitoki. Na njoo uone anavyokula."

Zeynah alikuwa amesimama mbele ya beseni la kuoshea vyombo. Mikono aliiacha ining'inie. Aliinamisha shingo, akatia midomo majini, akanywa kwa mikupuo mirefu. Alipoinua uso, pembe zote mbili za mdomo zilikuwa zimechubuka, nyekundu.

"Ni baridi hii ya Julai," Reshad akasema. "Mpake mafuta."

"Baridi?" Swaleha alimtazama. "Mwanangu analala amesimama, Reshad. Nimemkuta alfajiri, uso ukutani, macho yamefumba, goti moja amelilegeza. Nikimlaza, anasimama tena. Baridi gani hiyo?"

Reshad alikumbuka viganja vyake, na alikumbuka pia kwamba Alhamisi zipo mbio nyingine na kinyozini wanamsubiri. Mtu akizoea kuchekwa, siku akiheshimiwa haachi upesi. Siku iliyofuata akamwekea mtoto gazeti tena.

Safari hii Zeynah alichelewa kuweka kidole. Alikuwa akihema.

"Unawajuaje, mama?" Reshad alimuuliza kwa upole.

"Nakimbia nao, baba. Nikishalala tu. Wako wengi." Akalinusa gazeti, akaonyesha. "Huyu alinipita jana. Na mimi nimechoka, lakini yule wa mgongoni hataki nipumue."

"Nani wa mgongoni?"

"Yule uliyempandisha."

Swaleha alikuwa mlangoni na amesikia yote. Hakupiga kelele. Alikuja akamgeuza mtoto, akampandisha gauni, na Reshad akaona mapajani na mbavuni michirizi mirefu iliyovimba, mipya juu ya ya zamani, na kati ya mabega ngozi imechubuka pale tandiko linapokaa. Wakati wanatazama, wote wawili wamezuia pumzi, kikasikika kitu kidogo nyuma yao chumbani ambamo hamkuwa na mtu: ulimi ukigongwa kinywani, kak, kak, ule mlio wa mpanda farasi anapomhimiza mnyama wake. Zeynah akanyooka palepale, shingo juu, akaanza kutetemeka miguu.

"Umemfanya nini mwanangu?" Swaleha alinong'ona. "Reshad, umemfanya nini?"

"Amesema Jumamosi ni mbio za Kombe," Zeynah alisema, macho yakiwa mbali. "Nikishinda Kombe hanirudishi tena. Atanipeleka kwao. Na mimi nina mbio sana, mama. Wote nawapita sasa."

Ijumaa, baada ya sala, walimfunga mtoto shali wakampeleka kwa Bi Rukaya, mama mmoja wa mtaani kwao Plaine Verte anayewasomea watoto wanaoshtuka usingizini. Si mwenye mambo mengi. Ana bakuli la maji na ulimi mkali. Aliweka mkono mgongoni kwa Zeynah, akauondoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Huyu hakuingia," alisema. "Anayeingia hukaa ndani. Huyu yuko juu. Amepandishwa. Nani alimpa pa kukanyaga?"

Reshad akanyoosha viganja vyake mbele ya yule mama, akalia.

Alipomaliza kueleza, Bi Rukaya alimgeukia. "Mnakwenda kule uwanjani kila Jumamosi, mnajua kila kitu cha farasi, jina la mama yake na la bibi yake. Saa ya adhana unasimama uani unatangaza joki kwa mwanao wa kumzaa?"

"Ulikuwa mchezo, bibi."

"Kwako."

Akaanza kusoma, akipulizia maji. Kila aya mgongo wa Zeynah ulizidi kubonyea, kichwa kikavutwa nyuma kana kwamba kuna hatamu, hadi Swaleha akapiga yowe, na hapo ikatoka kinywani mwa mtoto sauti nyembamba ya kiume, yenye adabu, sauti ya mtu aliyezoea kuvua kofia mbele ya wakubwa. "Msiniumizie farasi, mama. Mimi sikuiba. Mwenye mali alinipandisha kwa mikono yake."

Bi Rukaya akaacha kusoma. Alikuwa anatoka jasho.

"Nikimtoa kwa nguvu atamvunja uti wa mgongo," aliwaambia kwa sauti ya chini. "Nyie wenyewe mnajua sheria. Farasi akishaandikishwa, ni nani anaweza kumwondoa mbioni?"

"Mwenye farasi," Reshad akasema.

"Basi nenda ukamwondoe, palepale uliposimama, saa ileile. Na ujiandae. Joki hapendi kurudi nyumbani na tandiko mkononi."

Walingoja uani, jua likishuka, Zeynah katikati yao amesimama na macho yamefumba. Majirani walikuwa wakikaanga bajia, redio ikitaja farasi wa kesho, watoto wa ng'ambo ya ukuta wakicheka, na Reshad alitamani kwa moyo wake wote awe mmoja wa wale watu wa kawaida wanaoungojea Jumamosi kwa furaha. Adhana ilipoanza, ile harufu ikaja kwa wingi, jasho na ngozi na majani yaliyooza, ikaujaza ua hadi wakashindwa kuvuta pumzi. Reshad akasema, na sauti yake ilikuwa ikikatika, "Mimi mwenye farasi namwondoa Nyota ya Baba. Hakimbii kesho. Hakimbii tena. Shuka."

Kisha, kutoka juu kidogo ya kichwa cha mtoto, mahali pasipo na kitu, ile sauti ya adabu ikauliza, "Na mimi nipande nini, bwana?"

Reshad akaahidi kumchinjia mbuzi. Akaahidi ng'ombe, akaahidi kutokanyaga uwanja wa mbio maisha yake yote, akaapa kwa kaburi la baba yake, na wakati anaapa Zeynah akaanza kukanyagakanyaga kwa ule mlio wa ulimi, kak, kak, kak, midomo ikimtoka povu lenye damu, na Swaleha akajitupa mbele akisema nipande mimi, nipande mimi mama yake. Reshad akamshika mkewe begani akamrudisha nyuma kwa nguvu ambayo hakuwahi kumshikia, kisha akapiga magoti, akaweka viganja vyake chini, vile viganja vilivyoleta balaa, akainamisha kichwa kama wanavyoinamisha farasi kungoja tandiko.

"Mimi hapa," alisema. "Panda."

Zeynah alianguka mikononi mwa mama yake amelegea, usingizi mzito wa mtoto aliyecheza kutwa. Na Reshad akahisi mguu mwembamba ukimkanyaga nyongani, bila wasiwasi, halafu uzito mkubwa kuliko wa mtu yeyote ukikaa mgongoni, magoti yakimbana mbavu, na chuma baridi kikimpita katikati ya meno.

Jumamosi kukakucha vizuri. Zeynah aliamka amejilaza kifudifudi, mate kwenye mto, akadai mkate na jibini. Harufu ilikuwa imemtoka. Swaleha alimkumbatia hadi mtoto akalalamika. Adhuhuri Gaetan akabisha hodi, amevaa shati lake la mbio, gazeti kwapani.

"Shemeji, yuko wapi mheshimiwa? Watu wote kinyozini wanangoja kidole!"

"Nenda, Gaetan."

"Kimoja tu, shemeji, cha Kombe..."

Swaleha akamfungia mlango usoni.

Reshad alikuwa chumbani, amesimama na uso ukutani, goti moja amelilegeza. Shingo ililoa jasho. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno, na pembe za mdomo zilikuwa zimechanika. Swaleha alimfunga mkono kwa shali lake la harusi, ncha nyingine akajifunga mwenyewe, akaketi chini akamshika mguu. Kutoka Plaine Verte huwezi kukosa kuusikia uwanja siku ya Kombe. Kelele za watu huja juu ya mabati kama mvua. Kelele zilipoanza kupanda, Reshad akaanza kutetemeka.

Zeynah akaja na kipande chake cha mkate. Akamvuta baba yake suruali, akainua uso.

"Baba," akanong'ona. "Usimpite hata mmoja. Ukishinda hakurudishi. Kimbia polepole."

Kelele zikapanda. Mchirizi mmoja ukamtokea Reshad shingoni, ukavimba mbele ya macho yao, kisha mwingine, na mwingine, na kila pigo magoti yake yaliruka na Swaleha aliling'ang'ania lile shali na kuomba, akimwomba Mungu kwa bahati mbaya ileile iliyochekwa miaka yote, kwa kila mkeka uliochanika, kwa kila farasi aliyesimama akala majani, Mola wangu, leo pia, mume wangu awe wa mwisho leo pia. Mji mzima ukapiga ukelele mmoja. Kisha ukatulia.

Reshad alifungua macho. Akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, na midomo yake iliyochanika ikajaribu kucheka.

"Wa mwisho," alisema. "Swaleha, nimekuwa wa mwisho."

Walilia wote watatu pale sakafuni, wamefungana kwa shali moja. Swaleha alimbusu viganja, akambusu majeraha ya shingo, akasema alhamdulillahi hadi sauti ikamkauka. Hakuona kwamba Zeynah ameacha kulia na amegeuza kichwa kuelekea uani, kama mtoto anayeitwa na mtu anayemjua. Kule uani ulimi uligongwa mara mbili, taratibu, bila hasira.

"Baba," Zeynah akasema, "anasema hajakasirika. Anasema utazoea, msimu bado mrefu."