Kiungo cha Tano

Kila asubuhi kabla ya masomo, Hulda Kanyere alipitia karakana ya baba yake kumpelekea chai na viazi vitamu. Butembo nzima ilimjua baba huyo, Papa Josaphat, fundi wa kuchomelea vyuma: geti likivunjika, anaitwa yeye, chasi ya lori ikikatika, ni yeye tena. Safari hii alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote, kujenga daraja la chuma ili wanafunzi wasivuke tena mto kwa magogo yaliyooza.

Siku ya kulipima ilipofika, mtaa wote ulijaa ukingoni. Injinia Séphora alitoka Beni na kimashine cha kubeba mkononi. Aliwaeleza watoto kwamba kinatuma ndani ya chuma sauti ambayo sikio haliisikii. Ikikuta ufa, inarudi mapema, na mstari unaruka kwenye kioo. Alipaka mafuta mazito ili sauti ipenye vizuri, kisha akaanza kupima. Kiungo cha kwanza, pale vyuma viwili vilipochomelewa pamoja, kilikuwa kizima. Cha pili, cha tatu na cha nne, vizima pia. Viungo vyote vilikuwa kumi na viwili, lakini alisema hivyo vinne vinatosha. Makofi yakalipuka, na akina mama wakapiga vigelegele.

Hulda hakupiga makofi. Wiki mbili nyuma, baba alimwambia aingize ndani pakiti ya bageti. Si mikate mirefu ya kuliwa, ni vijiti vya kuchomelea chuma. Yeye akasahau, akaenda kuruka kamba. Mvua ikanyesha, vikalowa. Alivifuta kwa kitenge, akavirudisha mahali pake, kimya. Kesho yake alimwona baba akivitumia kwenye kiungo cha tano. Na baba alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba bageti yenye unyevu huacha ufa ndani ya chuma.

Akisema sasa, baba ataaibika mbele ya mtaa mzima. Asiposema, wenzake watapita juu ya kiungo kile kila siku.

"Papa," alisema Hulda, "wapime na cha tano. Bageti zililowa mvua. Ni mimi nilizisahau inje, nikaogopa kusema."

Papa Josaphat akamgeukia injinia. "Tupime," alisema.

Mstari ukaruka. Wakapima tena, ukaruka palepale. Nje chuma kilikuwa kinang'aa, kumbe ndani kina ufa.

Papa Josaphat hakugomba. Alikisaga kiungo chote mpaka akafikia chuma safi, akachomelea upya kwa bageti zilizokaushwa juu ya mbabula, jiko la makaa. Hulda ndiye aliyezigeuza juu ya makaa, moja moja. Kiungo kilipopoa, Injinia Séphora alipima vyote kumi na viwili bila kuruka hata kimoja. Mstari ulitulia mwanzo hadi mwisho.

Basi, furaha iliyofuata! Shule nzima ilivuka mbio, na chuma kikavuma chini ya miguu yao. Hulda alitangulia, akicheka huku machozi yakimtoka.

Ng'ambo, Injinia Séphora alimshika bega. "Mashine yangu haikujua pa kutafuta. Wewe ulijua. Kosa ulifanya, lakini ukilisema, linatengenezwa. Ukilificha, linakaa mule ndani linangoja mutu apite."

Papa Josaphat alichomoa ufunguo mfukoni, ule wa kabati la bageti, akauweka kwenye kiganja cha binti yake.

"Kuanzia leo," alisema, "utazitunza wewe."