Kikokwa Kwenye Bakuli

Kila asubuhi, kabla ya chai, ukuta wa sebuleni kwa Bi Mwantumu uliwaka manjano na kuanza kusema. "Shikamoo, mama. Huyu aliyekaa kushoto kwako ni Zamda, mwanao wa pekee, bingwa wa kuunguza wali." Zikafuata picha: harusi yake, marehemu mumewe, Zamda mwenye mapengo. Bi Mwantumu, ambaye maradhi ya usahaulifu yalikuwa yakimla kidogokidogo, alitazama mpaka uso ukakunjuka, kisha akamwita bintiye kwa jina.

Mtambo huo Zamda aliuita Kumbuza. Yeye, mhandisi wa mitambo-akili jijini Tanga, aliuunda mwenyewe na kuufunga nyumbani, maana hakuyaamini maghala ya angani yanayotunza siri za watu. "Siri ya nyumba haitoki nje," alipenda kusema. Nakala hakuweka popote. Alimfundisha Kumbuza kwamba anayepiga hodi kwa adabu akaribishwe, na akigundua mwizi, afute kila kitu. Msomi mzima, lakini hapo alichemka.

Mchana mmoja kijidege-chuma cha wezi kilitua dirishani, kikapiga hodi kwa sauti ya kistaarabu. Kumbuza akajibu karibu. Kilipoanza kunyonya kumbukumbu, akashtuka na kujifuta. Mwizi akaondoka mikono mitupu, na wenye nyumba wakabaki vivyo hivyo.

Kesho yake ukuta ulikuwa kimya. Bi Mwantumu alimtazama bintiye kwa upole.

"Karibu, binti. Wewe wa nani vile?"

Zamda alikimbilia jikoni akalia kwa kwikwi. Ndipo akaingia Bi Chausiku, jirani yao, na bakuli la mbaazi za nazi.

"Shikamoo, mama," Zamda alisema, akijifuta macho.

"Marahaba. Nani kakuliza?"

Zamda akamweleza yote. Bi Chausiku akatua bakuli mezani.

"Basi nyamaza. Vikokwa vya mama yako ninavyo mimi."

"Vikokwa gani?"

"Hivyo vidogo kama mbegu ya ubuyu. Tangu aambiwe maradhi yake, alikuwa akimwomba Kumbuza amtolee nakala humo. Kila akinirudishia bakuli langu na chakula, kikokwa kimo ndani. Hata sasa mkono wake haujasahau, wiki iliyopita kaniletea kingine. Aliniambia, 'Zamda ana akili, ila akiba hajui. Niwekee.' Nimeviweka kwenye kopo la iliki."

"Umewahi kuvifungua?"

"Nivifungue vipi, na vimefungwa kwa sauti yako? Halafu mambo ya kwenu ya nini kwangu, mwanangu? Nina yangu ya kunitosha."

Zamda alicheka huku machozi yakimtoka. Kikokwa cha mwisho kilipoingizwa ukutani na Zamda kutamka jina lake, manjano yakarudi. Bi Mwantumu akatazama, akatazama, uso ukakunjuka.

"Zamda! Unalia nini? Umeunguza wali tena?"

"Ndiyo, mama," alijibu, akimkumbatia kwa nguvu. Moyo wake ulikuwa mweupe.

Jioni Zamda alilirudisha bakuli la Bi Chausiku. Ndani mlikuwa na wali, umeungua kidogo, na pembeni yake kikokwa kipya kilichofungwa kwenye kipande cha khanga.