Ufutaji wa Mfululizo

Saa mbili kamili asubuhi, roboti wahudumu elfu arobaini waliingia mitaa ya Pangani Mpya na vikapu vya maji, mikate na dawa, wasikosee mlango hata mmoja. Mhandisi Mhina Shekiondo aliwatazama kutoka ghorofa ya tisini, kahawa mkononi. Wote walimtegemea yeye, na alipenda kulikumbuka hilo.

Roboti hufikiri kwa vitu: mtu, mlango, ugonjwa. Kumbukumbu za jiji zimelala katika majedwali, safu juu ya safu. Kati yao pamesimama Mfasiri, kifurushi cha msimbo kinachogeuza safu kuwa mtu na mtu kuwa safu. Mhina ndiye aliyekitunza, na kwa miaka kumi na miwili aliwadharau wote waliokitumia. Wavivu, alisema. Hawasomi mwongozo, halafu wanalia.

Katika toleo jipya alikuwa ameongeza ufutaji wa mfululizo: ukifuta safu moja, zote zilizofungamana nayo zinafutika papo hapo. Majedwali yakabaki safi kama sahani iliyolambwa, naye akajipongeza.

Asubuhi hiyo lilifika lalamiko la nne la Bi Arafa wa mtaa wa Chumvini, kwa niaba ya jirani yake. Matatu ya kwanza Mhina aliyafunga baada ya kusoma mstari mmoja tu, kwa kuwa hayakutaja namba ya toleo. La tatu alilijibu, "Mhusika aje ofisini mwenyewe." Hili la nne lilikuwa na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, basi akashuka, akinung'unika kwamba siku hizi kila kibibi ni mtaalamu.

Bi Arafa alisimama mlangoni kwa jirani yake, kanga kaifunga kiunoni, macho makavu.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye wa Mfasiri."

Bi Arafa alikaza fundo la kanga. Mhina akauliza:

"Huyo mwenye shida mbona hakuja ofisini?"

"Mwanakombo alikuwa amekaa eda. Mumewe tumemzika leo siku ya kumi. Mjane atoke aende wapi? Kwenu hakuna wajane?"

"Lakini angeweza..."

"Tangu siku ya mazishi roboti anaupita mlango huu. Mtu ana sukari, anadungwa sindano kila siku! Nikaita gari la wagonjwa. Likamsoma uso, likasema mtu huyo hayupo, likageuza. Dawa mji huu haziuzwi, mnagawa nyie. Nikakuandikia wewe. Ukanidai namba."

Mhina alielewa bila kuelezwa zaidi. Jina la Mwanakombo lilifungwa kwa la mumewe, mkuu wa kaya. Mashine ya vizazi na vifo ilipomfuta marehemu, Mfasiri alimfuta na mkewe. Aibu ilimpanda, lakini mazoea yakaitangulia: akatoa kishikwambi, akairudisha ile safu. Sekunde nne tu.

"Tayari, mama," alisema, hata akaona fahari kidogo. "Amerudi."

Bi Arafa alimtazama kama uchafu uliogandia ndara. Akasogea pembeni ili aone ndani. Wanawake watatu walikuwa wamepiga magoti sakafuni, wanakata sanda.

Roboti mhudumu alifika, akainamisha kichwa.

"Hodi. Insulini ya Bi Mwanakombo Saidi. Apokee mwenyewe au ndugu yake."



"Mpokelee," Bi Arafa alimwambia Mhina. "Wewe ndiye uliyemwita."