Saa za Akina Mama

Simu ililia kabatini wakati Leonida Qamara amebakiwa na khanga moja tu mwilini.

Aliitazama ile Nokia kwa chuki. Namba ya Dar es Salaam.

"Nakusikiliza, mkuu."

"Uko wapi?"

"Likizo."

"Likizo wapi?"

"Karatu. Kwenye hamamu, bafu la mvuke la Kiarabu. Nasubiri kusuguliwa mgongo."

Melkizedek, mkuu wake katika upelelezi kwa miaka tisa, alishusha pumzi ndefu.

"Hoteli ya nani hiyo?"

"Ya Voss."

"Nilikukataza!"

"Ulinikataza kufanya kazi. Hukunikataza kuoga."

"Leonida, sikiliza. Mtuhumiwa ni kaka yako wa tumbo moja. Faili lile huligusi. Dereva wa Voss ameshaandika maelezo, ameapa alimwona Fabian na shoka juu ya mzoga wa faru. Kesho saa tatu anasomewa mashtaka."

"Na pembe ziko wapi? Kazimeza?"

"Ndiyo hapo. Nipe pembe mkononi, nitapindua meza. Bila pembe, sina la kusema."

"Ndege ya Voss inaruka lini?"

Alisikia mlango wa ofisi ukifungwa.

"Mkuu!"

"Cessna. Uwanja wa Manyara. Saa saba mchana. Na mimi sijakwambia kitu."

Simu ikakatika.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Leonida aliisokomeza Nokia ndani ya mkoba, kando ya bastola yake ya Makarov, akafunga kabati kwa kishindo. Hasira ilikuwa imemkaa kooni siku ya tatu sasa, haimezeki wala haitemeki.

Fabian! Miaka kumi na minne, askari wa wanyamapori, anatembea nyuma ya faru kule kreta ya Ngorongoro, anawajua mmoja mmoja kwa alama za masikio. Ubatizo wa mwanawe wa kwanza aliukosa kwa sababu faru alikuwa na uchungu wa kuzaa. Siku tatu zilizopita alimkuta mmoja wao amelala majanini, uso umekatwakatwa. Yeye ndiye aliyeita msaada kwa redio. Jioni yake akafungwa pingu. Mchungaji kapiga yowe, kaitwa fisi yeye.

Na aliyemsingizia alikuwa akila nyama choma katika hoteli hii hii. Bartolomeo, dereva wa Voss.

Leonida alikuwa amejifanya mgeni hapo siku mbili. Alikwishapita stoo, gereji, jikoni, hadi banda la kuku. Hakuambulia kitu. Kilichobaki ni hamamu, na tiketi ya hamamu alikuwa nayo, zawadi ya wenzake kazini waliodhani anahitaji kupumzika.

Kupumzika! Alitamani kucheka.

Mlangoni palikuwa na kibao cha shaba: ASUBUHI AKINA MAMA. KUANZIA SAA SITA AKINA BABA. Chini yake sahihi ya Voss mwenyewe. Huingii na chochote zaidi ya khanga. Si viatu, si mkoba, si simu.

Si bastola.

Akaingia mikono mitupu.

Mvuke ulimpokea. Ndani kulikuwa na wanawake wanne. Wazungu wawili, mama na binti yake, wamejinyoosha kimya wamekuwa wekundu. Mama Christina, mwenye mashine ya kusaga pale Karatu mjini, aliyekuja kila Alhamisi kwa ajili ya magoti. Na Scholastika, mhudumu, msichana wa Marangu mwenye mikono ya chuma, aliyefundishwa kazi hiyo na mama mmoja wa Kimoroko.

"Lala hapa, dada."

Leonida akalala juu ya jiwe kubwa la katikati. Scholastika akampaka sabuni nyeusi ya zeituni, laini kama mlenda, akavaa glovu ya kukwaruza.

"Mungu wangu. Haya mabega au mbao?"

"Sugua tu."

"Tulia basi. Watu wanakuja huku kuacha mambo yao nje."

"Yangu yana miguu. Yamenifuata."

Mama Christina akaangua kicheko huko pembeni. "Mwache, Scholastika. Huyo kaudhiwa na mwanamume. Namjua mtu aliyeudhiwa na mwanamume."

"Wawili, mama," Leonida akajibu.

Maji ya moto yalimwagwa mgongoni. Kwa dakika moja, ya kwanza katika siku tatu, mwili wake ulitaka kulegea. Ukaanza.

Ndipo harufu ikamfikia.

Haikuwa sabuni. Wala kuni. Ilikuwa kali, chafu, ya nywele zilizoungua, na ilitoka ukutani.

Leonida aliinua kichwa.

"Nini kinanuka hivi?"

Scholastika aliona haya. "Tusamehe, dada. Ni tangu juzi. Bosi alileta fundi usiku, ati bomba linavuja nyuma ya ukuta wa tanuri. Wakabomoa, wakaziba. Tangu hapo moto ukikolea panatoa uvundo huu. Nimemwambia bosi, kanifokea."

"Yeye huwa anaoga humu?"

"Huyu? Hajawahi! Leo ndiyo ajabu. Kaichukua zamu yote ya saa sita, yeye na dereva wake, mtu mwingine asiingie."

Leonida alikaa kitako.

Harufu ile aliijua tangu ana miaka sita. Kule Endabash, babu yao alipokuwa akiwachoma ndama vichwani kwa chuma chekundu ili wasiote pembe, Fabian alikuwa akishika miguu, yeye akishika masikio. Harufu ya pembe inayoungua haifanani na nyingine, na mtoto yeyote wa mfugaji Karatu angeitambua amefumba macho.

Voss hakuwa mtoto wa mfugaji. Alizijua pembe zikiwa mzigo tu, zimefungwa, zimepimwa. Aliona ukuta mkavu ndani ya chumba ambacho askari yeyote asingefikiria kukipekua, akajiona mjanja. Hakumuuliza mtu. Watu wa namna yake hawaulizi wenyeji.

"Scholastika. Chuma cha kuchokolea moto kiko wapi?"

"Cha nini?"

"Kilete."

"Dada, kazi yangu..."

"Kaka yangu yuko mahabusu kwa kosa la kumpenda mnyama!" Sauti yake iligonga dari. "Kesho wanamfunga. Alichokiiba bosi wako kimo ndani ya ukuta huu. Ukitaka kunizuia, nizuie sasa hivi."

Scholastika alimtazama. Akakimbilia kona ya tanuri. Aliporudi alikuwa na chuma kirefu mkononi, na cha pili cha kwake mwenyewe.

Wakapiga.

Kigae cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikang'oka. Saruji ilikuwa bado changa, ikabomoka kama ugali mbichi. Leonida akaingiza mkono hadi begani, akaunguzwa na joto, akatukana kwa Kiiraqw, akavuta.

Furushi la nailoni na karatasi ya fedha.

Ndani yake, pembe mbili. Moja ndefu. Moja fupi, imeungua upande mmoja.

Mama Christina akajifunika mdomo.

Hapo hapo mlango wa hamamu, upande wa chumba cha nguo, ukagongwa.

"Scholastika! Kelele za nini?"

Voss. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha miaka ishirini ya kuamrisha watu.

"Bomba, bosi!"

"Fungua."

"Ni saa za akina mama, bosi!"

"Hoteli ni yangu. Fungua!"

Leonida alipima. Makarov ilikuwa kabatini, chumba cha nguo, upande wa pili wa mlango. Upande wa Voss. Alitamani kujipiga kofi.

Mama Christina, mtu wa kilo tisini na tano, alijiinua jiweni na kufunga khanga yake vizuri.

"Wewe Voss! Mimi ni Mama Christina wa mashine. Hoteli ni yako, uchi ni wetu! Ukitia mguu humu, Karatu nzima itajua kabla hujala mchana. Na wageni wako wa Ulaya wamo humu humu!"

Binti wa kizungu hakuelewa maneno, lakini sauti aliielewa. Alipiga yowe la kuchana masikio. Mama yake akamuunga mkono.

Nje, kitasa kikaachiwa.

Sheria ilikuwa ya Voss mwenyewe, ameiandika kwenye shaba. Ilimshika miguu dakika tano nzima. Leonida alizitumia zote.

"Sabuni. Yote."

Scholastika alimimina ndoo mbili za sabuni nyeusi kwenye marumaru, kuanzia kizingitini. Leonida akaongeza maji ya moto. Akawasogeza wanawake nyuma ya jiwe, akasimama kando ya mlango na kile chuma.

"Bartolomeo," sauti ya Voss ikasema nje. "Vunja."

Teke la kwanza. La pili. Komeo likaruka.

Bartolomeo aliingia na bastola mbele, na buti za safari miguuni.

Watu wote wa hamamu huingia peku. Kuna sababu.

Buti la kulia lilikwenda kaskazini, la kushoto likaenda kusini. Dereva alianguka chali, kichwa kikagonga, risasi ikapasua dari. Leonida alimshukia na chuma kwenye kifundo cha mkono. Kaaa! Bastola ikateleza sakafuni, ikasimama mguuni mwa Mama Christina, naye akaikalia.

"Shoka lilikuwa la nani?" Leonida alimkanyaga kifuani.

"Niache, dada!"

"La nani?"

"Langu! Lilikuwa langu! Bosi ndiye aliyepiga risasi, mimi nilikata tu!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia," Scholastika na Mama Christina wakajibu kwa pamoja.

Nje, injini ya Land Rover Defender iliunguruma.

Leonida alimruka Bartolomeo, akapita chumba cha nguo, akang'oa mlango wa kabati, akatoka uani. Peku. Povu mgongoni, khanga imefungwa kifuani, Makarov mkononi. Watunza bustani waliangusha majembe yao.

Defender ilikuwa inageuka kuelekea getini.

Alipiga goti kwenye vumbi jekundu. Akavuta pumzi.

Risasi moja. Hewa.

Risasi ya pili. Tairi la nyuma likapasuka, Defender ikayumba, ikavunja ua na kujichimbia katikati ya mibuni.

Voss alishuka na damu puani. Alipomwona ni mwanamke mwenye khanga, alitabasamu kabisa.

"Sasa nimekutambua. Dada wa yule askari. Uko likizo, huna mamlaka hapa."

"Ndiyo maana nimekasirika."

Akampiga na kitako cha bastola, mara moja, chini ya sikio. Voss akalala chini kati ya mibuni.

Redio ya Motorola ilikwaruza ndani ya gari. "Voss, Voss. Rubani hapa. Ndege iko tayari. Mzigo uko wapi?"

Leonida alichukua kipaza sauti.

"Mzigo umepatikana. Shuka kwenye ndege, weka mikono kichwani. Polisi wanakuja."

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye mzigo."

Akazima. Akarudi kabatini, akapiga Dar es Salaam.

"Mkuu, pembe ninazo. Mashahidi wanne, wawili wageni. Dereva amekiri. Peleka watu Manyara."

"Leonida, nilikwambia..."

"Nakwenda kujisuuza. Nina povu machoni."

Saa kumi jioni Fabian alitolewa mahabusu pale kituo cha polisi Karatu, suruali ameishika kwa mkono maana mkanda walikuwa nao polisi. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Leonida alinyoosha mikono amkumbatie.

Hakukumbatiwa.

Fabian aliziendea pembe pale mezani. Aliigusa ile fupi, iliyoungua, kwa kidole kimoja.

"Alikuwa ananyonyesha," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

Askari wa zamu akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama karatasi.

"Nawauliza. Ana miezi mitano. Mtoto wake yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Watu walikuwa wamepiga picha mzoga, wameandika maelezo, wamefunga pingu, wametafuta pembe nchi nzima. Leonida mwenyewe alikuwa amevunja ukuta. Ndama hakuulizwa na mtu.

"Sijui, kaka," alisema, na aibu ikamchoma kuliko mvuke wote wa asubuhi.

"Nipe buti zangu."

Hakula. Hakwenda kwake. Leonida alimpeleka hadi lango la Ngorongoro kwa mwendo wa kasi. Pale Land Cruiser ya doria ilikuwa inangoja. Fabian alipanda, akachukua darubini mkononi mwa dereva.

"Ana siku tatu bila maziwa," alisema, "na fisi wa kule hawalali. Nikimpata nitakuita."

"Usiponiita?"

Fabian alifunga mlango. Gari likapanda kwenye ukungu.

Simu ililia.

"Hongera, Qamara," Melkizedek alisema. "Rubani tumemkamata. Wakubwa wamefurahi sana. Haya, maliza likizo yako kwa raha. Hasira imekuisha?"

Leonida aliitazama barabara mpaka taa nyekundu za mwisho zilipopotea.

"Ilikuwa juu yao, mkuu. Sasa ni juu yangu mwenyewe."

Akakata simu. Akaweka bastola kiunoni, akafunga koti, akatembea polepole kurudi kwenye gari, hageuki nyuma.