Kivuli cha Saa Kumi na Moja

Kila umeme ulipokatika saa tisa alasiri, Rumaisa alikuwa na kazi yake. Alilowesha shuka ndooni, akalikamua, akamfunika bibi yake, kisha akaketi kando ya kitanda cha kamba na kumpepea kwa upepeo wa ukindu mpaka mkono ukafa ganzi. Jiji la Multan, huko Pakistan, halina mzaha mwezi wa Mei. Kuta huwaka, na maji ya bombani hutoka ya moto kama ya kuchemshia chai.

Mwaka uliotangulia, Bibi Hajra alizimia katika saa hizo hizo. Alilazwa siku sita, na daktari alimwambia Baba bila kuzungukazunguka, "Joto likimwangusha tena, mimi siahidi kitu." Tangu hapo Bibi alikatazwa kupanda paani kuanika achari zake. Rumaisa, mwenye miaka kumi na miwili, aliogopa hata kuhamisha upepeo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Basi Baba alipotangaza kwamba watafunga paneli za sola, na kwamba feni ya Bibi itazunguka umeme ukatike usikatike, Rumaisa aliruka kwa furaha.

"Usiruke bado," Baba alisema. "Akiba yote inaishia hapo. Tukikosea fundi, hakuna mara ya pili."

Fundi wa kwanza aliletwa na Mjomba Fayaz, kaka yake Mama. Aliitwa Bwana Kamran. Alikuja na shati jeupe pee, ananukia manukato sebule nzima. Alikunywa sharubati bilauri mbili, akawaonyesha picha za nyumba za watu kwenye simu yake.

"Paneli kumi, safu moja, upande wa magharibi," alisema. "Siku mbili tu, kazi kwisha."

"Hutapanda kuliangalia paa?" Baba akauliza.

"Ndugu yangu, paa ni paa! Na jua la Multan utalikimbilia wapi?"

Wote wakaangua kicheko. Rumaisa naye alicheka, maana Bwana Kamran alikuwa ameshampa kofia nyekundu yenye jina la kampuni yake.

Wa pili alikuja na pikipiki kuukuu. Fundi Gulzar alikuwa mzee mwembamba, penseli sikioni. Alipokaribishwa maji aliomba kwanza aonyeshwe ngazi. Huko juu alitembea polepole, akigonga zege kwa kisigino na kupima huku na huku, kisha akasimama kitambo kirefu akitazama magharibi. Jirani wa upande huo alikuwa amejenga chumba juu ya paa lake msimu wa baridi, kwa ajili ya mkwe wake mpya.

Aliposhuka, alichuchumaa kando ya kitanda cha Bibi.

"Mama yangu, katika nyumba hii nani hukaa paani?"

Macho ya Bibi yaling'aa. Hakuna fundi aliyewahi kumuuliza kitu. "Mimi, mwanangu, miaka thelathini! Achari inafuata jua. Mitungi nilikuwa naihamisha mara nne kwa siku. Nilijua kivuli kilipo kuliko ninavyojua chumvi ilipo jikoni. Ila hicho chumba cha jirani sikijui. Kimejengwa mimi nimefungiwa huku chini kama kuku."

"Basi tutafute macho mengine," Fundi Gulzar alisema, akamkabidhi Rumaisa kipande cha chaki. "Kesho Jumapili, binti. Kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, kila saa panda uchore mstari pale kivuli cha chumba kile kinapoishia. Mimi nitakuja Jumatatu."

Mjomba Fayaz alishindwa kujizuia. "Huyu ni fundi wa sola au mwalimu wa chekechea?"

Jumapili, Mama alichukua zamu ya kumpepea Bibi, na Rumaisa akapanda na chaki yake. Saa saba alichora. Saa nane alichora. Saa tisa zege lilimchoma hadi ndani ya ndala, akachora huku akirukaruka. Aliposhuka alikunywa maji, akajilaza kwenye sakafu ya baridi ya ukumbini, dakika tano tu.

Aliamshwa na adhana ya Magharibi.

Alipanda mbio, lakini jua lilikuwa limeshazama. Paani palikuwa na mistari yake mitatu, imeachana kiasi cha shubiri moja moja. Rumaisa alitazama nyuma, hakuna aliyekuwa akimwona. Akachora mitatu mingine, shubiri kwa shubiri. Ilipendeza kweli, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

Jumatatu saa tisa na nusu, Fundi Gulzar, Baba na Mjomba walipanda pamoja naye. Fundi aliinama juu ya mistari, akapima.

"Kwa mistari hii, paneli zinaweza kukaa upande huu wa magharibi," alisema. "Yule mwenzangu mliyeniambia alisema sawa."

"Si niliwaambia?" Mjomba alishangilia, akatoa simu. "Nimpigie Kamran aje kesho!"

"Mpigie, si vibaya. Ila mjue kitu kimoja. Paneli za safu moja hufanya kazi kama watu wanaopokezana matofali. Mmoja akisinzia, mstari wote unakwama. Kivuli kikizigusa saa kumi au kumi na moja, feni ya mama pale chini itazunguka kivivu, pengine isizunguke kabisa."

Rumaisa aliitazama mistari yake. Alikumbuka Bibi akibebwa mlangoni mwaka jana, mkono umening'inia.

"Baba," alisema. "Mistari mitatu ya mwisho nimeibuni. Nililala."

"Umefanya nini?" Baba alimgeukia. "Rumaisa! Huyo aliyelala chini ni bibi yako!"

Machozi yalimtoka. Mjomba akatikisa kichwa. "Ndiyo hasara ya kumpa mtoto kazi ya mtu mzima."

"Amesema kabla sijatoboa zege," Fundi Gulzar alisema taratibu. "Tuketi, tutazame wenyewe."

Walifungua mwavuli, wakaketi. Rumaisa alikazia macho ukingo wa kivuli. Mwanzoni aliona kama kimesimama. Mbele yake palikuwa na kokwa kavu la embe, limelala juani. Ukingo uligusa kokwa. Baada ya muda nusu ya kokwa ilikuwa gizani, kisha lote.

"Kinatembea!" alinong'ona.

"Sicho kinachotembea, binti. Ni dunia inageuka. Wewe upo juu yake, na mimi, na paa hili, na Multan yote."

Rumaisa aliweka viganja kwenye zege la moto, akajishikilia. Katika joto lile mwili ulimsisimka. Miaka yote alikuwa akiupita mwendo huo mkubwa akikimbilia kucheza, wala hakuuona. Na kadiri jua lilivyoinama, ndivyo kivuli kilivyozidisha haraka. Saa kumi kilivuka mistari yake yote mitatu ya uongo. Saa kumi na moja kilikuwa kimefunika upande wa magharibi wote, pale pale paneli zilipotakiwa kukaa.

Baba alinyoosha mkono. Aliichukua simu ya Mjomba, akampigia Bwana Kamran, akaweka sauti juu. "Samahani, bwana. Saa kumi na moja upande ule una kivuli?"

"Kivuli?" simu ikacheka. "Ndugu yangu, usijisumbue na vivuli! Wewe sema nije lini."

Mjomba Fayaz alikuna kisogo. "Ukweli, mimi nilipendezwa na manukato yake," alisema, na hata Baba akacheka.

Fundi Gulzar alizifunga paneli upande wa mashariki, akaacha nafasi ya mitungi ya achari bila kuambiwa.

Siku ya kwanza ya Juni, saa tisa alasiri, umeme ulikatika. Televisheni za majirani zilizimika, mtaa ukanyamaza. Rumaisa aliudaka upepeo, akainua mkono, halafu akabaki ameuinua hivyo hivyo. Juu ya kitanda cha Bibi feni iliendelea kuzunguka.

Alikimbia kupanda paani. Paneli kumi zilikuwa zimelala kimya, hazitoi hata moshi. Kwa jicho moja akatazama jua, lile lile lililomwangusha bibi yake, na sasa ndilo lililokuwa likimpepea. Alishuka, upepeo bado mkononi, akarudi kando ya kitanda.

"Wewe na yule Kamran," Bibi alisema, macho amefumba, "kosa lenu lilikuwa moja."

"Mimi na yeye, Bibi?"

"Mlisema msichokiona. Ila wewe ulikiri, ukarudi kutazama. Kazi ya mtu yeyote ipime hapo, mjukuu wangu, na yako uipime hapo hapo. Mwongo wa kazini hadanganyi aliyemtuma peke yake. Siku moja kuna mtu atalala chini ya kazi hiyo, na hana habari."

Rumaisa aliinamisha kichwa. Upepo wa feni ulikuwa ukiinua ncha ya mtandio wa Bibi na kuishusha.

"Haya, weka huo upepeo," Bibi akamwambia, akijisogeza kumpisha kitandani. "Njoo ulale. Leo nimekuruhusu."